Minnesota ama Texas? Mfuko wa Mkenya wa Minneapolis na wa Mkenya wa Dallas

Hili swali haliishi. Mtu alishinda lotari ya grinkadi, ama ni nesi ameletwa na viza ya kazi, ama yuko Marekani miaka yote tu lakini amechoka na New Jersey penye kodi ya nyumba inameza mshahara kabla tarehe 5 ifike, na sasa anauliza: nihamie Minnesota ama Texas? Jibu atakalopata linategemea nani ameshika simu. Binamu wa Brooklyn Park atamwambia njoo huku, kazi za kulea wazee ziko mpaka unachagua, na watoto wakiugua kuna serikali. Yule wa Grand Prairie atamwambia Minnesota ni friza bwana, halafu wanakukata ushuru juu ya baridi, kuja Texas ununue nyumba yenye gereji ya magari mawili. Wote wanasema ukweli, shida ni kila mmoja anakuonyesha ule ukurasa wa hesabu unaompendeza yeye.

Nimezichukua hizi jamii mbili kwa sababu zinafanana vya kutosha. Upande mmoja Wakenya wa Minneapolis na St. Paul, wengi wakiwa Brooklyn Park na Brooklyn Center ambako unaweza kusikia Kikisii ukiwa kwa foleni ya supamaketi. Upande wa pili Wakenya wa Dallas na Fort Worth, waliotawanyika Arlington, Grand Prairie, Irving, Lewisville na kuendelea. Watu ni wale wale, walisoma shule zile zile, wengi wako kwa hospitali, nyumba za wazee, maghala na malori, kwa hivyo ukiona tofauti ya mfuko ujue sehemu kubwa imeletwa na jimbo. Mtanzania ama Mkongomani atajiona humu pia, ila aliyekuja kama mkimbizi ako na mambo yake nitayagusa mwishoni. Wasomali wa Minneapolis siwaingizi, historia yao ni nyingine kabisa na inataka andiko lake.

Tunapima nini

Mshahara wa kwenye karatasi hauniambii kitu. Mtu anaweza kuwa na dola 38 kwa saa na bado anakopa ya kutuma nyumbani. Mimi naangalia vitu vitano, na nitavipitisha kwa kila upande: kinachobaki baada ya ushuru, nyumba na gharama ya kuishi ndani yake pamoja na gari, nini kinakupata siku ukiugua ama ukiachwa na kazi, uwezo wa kupanda kutoka pale ulianzia, na mwisho jamii yenyewe, yaani watu watakaokushika mkono na watakaokuitisha mchango. Hali ya hewa sitaipa kichwa chake lakini itajitokeza, haiwezi kukosa, kwa sababu baridi na joto zote zinalipiwa.

Mshahara na ushuru

Hii kila mtu anaijua nusu. Texas haina ushuru wa mshahara wa jimbo, sufuri, unakatwa ule wa shirikisho basi. Minnesota iko nao, unaanzia asilimia 5.35 na kupanda mpaka 9.85 kwa wenye pesa ndefu, na hapo ndio watu wengi hufunga mjadala wakaanza kupakia U-Haul, lile lori la kukodi la kuhamia. Lakini hebu tupige hesabu polepole.

Chukua CNA, yaani msaidizi wa nesi, asiye na familia. Minneapolis CNA siku hizi anapata dola 20 na kitu kwa saa, Dallas wengi wako 16 ama 17, ukipata pazuri 18. Weka tofauti iwe dola 4 tu, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima: hiyo ni zaidi ya dola 8,000. Huyu wa Minnesota akiwa anapata kama 45,000 kwa mwaka, ushuru wa jimbo utamla kama dola 1,600 hivi baada ya kutoa ile sehemu isiyotozwa. Kwa hivyo yule aliyekimbia ushuru wa 1,600 ameacha nyuma 8,000. Hii ndio hesabu sijawahi kuona mtu akiipiga kabla ya kuhama, na ndio inawapata watu wa mshahara wa chini kuliko wote.

Sasa geuza. Chukua bwana na bibi, mmoja RN, yaani nesi kamili aliyesajiliwa, na mwingine dereva wa trela, pamoja wanaingiza 150,000. RN wa Minnesota analipwa juu ya yule wa Texas lakini sio sana, na trela ni barabara, mshahara hautofautiani hivyo. Hawa Minnesota itawakata zaidi ya dola 7,000 za jimbo kila mwaka. Kwao Texas ni pesa ya kweli, ni ploti Kitengela ndani ya miaka michache. Na kadiri mnavyopata zaidi ndio pengo linapanuka, daktari ama mtu wa kompyuta anayelipwa vizuri hana haja ya kuniuliza.

Kuna na masharti ya kazi yenyewe. Kima cha chini Texas ni kile cha shirikisho, dola 7.25, hakijasonga tangu 2009. Minnesota mwaka 2025 kilikuwa 11.13 kwa jimbo na 15.97 ndani ya Minneapolis. Tuseme ukweli, sijui Mkenya anayelipwa 7.25 Dallas, maghala yanalipa zaidi ya maradufu, lakini kima kikiwa chini hata wale wa juu yake hubanwa wanapoitisha nyongeza. Minnesota pia vyama vya wafanyakazi viko na meno, mwaka 2022 manesi kama 15,000 waligoma siku tatu na hospitali zikasikia. Halafu tangu Januari 2024 mwajiri wa Minnesota lazima akupe saa moja ya likizo ya ugonjwa ya kulipwa kwa kila saa 30 unazofanya, na kuanzia Januari 2026 kuna likizo ya kulipwa ya uzazi ama ugonjwa mkubwa, wiki 12, ambayo inakatwa kidogo kwa mshahara. Texas hayo yote ni hiari ya bosi. Kuna mabosi wazuri, na kuna wale ambao ukiita kuwa mtoto ana homa unapata shifti zako zimepunguzwa wiki ijayo.

Lakini pia Texas wana kitu. Kazi ni nyingi, na kuanza ni haraka, kampuni zinahamia huko, viwanja vinajengwa, na anayetaka kupiga dabo, shifti mbili kwa siku, mpaka achoke hakuna anayemzuia.

Nyumba, bili na gari

Zamani hii sehemu Texas ilikuwa inashinda bila kutoka jasho. Siku hizi, hapana. Baada ya 2020 bei ya nyumba Dallas ilipaa, na sasa nyumba ya kawaida kule na nyumba ya kawaida vitongoji vya Minneapolis zinakimbizana karibu bei moja. Tofauti ni unachopata: Texas utapata mpya, kubwa, imejengwa juzi, uwanja mkavu, Minnesota utapata ya mwaka 1965 yenye besimenti ambayo unaweza kumpangishia mtu ama kumweka shemeji anayetafuta kazi. Besimenti za Minnesota zimewalea Wakenya wengi kuliko balozi zote.

Sasa ushuru wa nyumba. Jimbo lisilokata mshahara lazima litoe pesa mahali, na Texas inaitoa kwa nyumba yako. Pande za Dallas na Fort Worth viwango vyote vikijumlishwa, shule, kaunti, jiji, hospitali, vinacheza karibu na asilimia 2 ya thamani. Minnesota huwa kidogo juu ya asilimia 1. Texas wamejaribu kupunguza makali, Novemba 2025 wapiga kura walipitisha kuwa dola 140,000 za kwanza za nyumba unayoishi zisitozwe ushuru wa shule, kwa hivyo usisahau kujaza fomu ya homsted, ile ya kusema hii ndio nyumba unayoishi, kuna watu wanakaa miaka bila kuijaza wakilipa tu. Hata hivyo kwa nyumba ya 350,000 bado utalipa Texas kushinda Minnesota, na juu yake weka bima ya nyumba, kwa sababu mvua ya mawe ya Texas ya kaskazini haina adabu, inapiga paa zima na bima zimekuwa ghali. Minnesota nayo inapigwa mawe na bima zinapanda, lakini bado haijafika kule. Wale bwana na bibi wa 150,000 tuliosema wanaokoa 7,000, wakishanunua nyumba wamerudisha kama 3,000 kwa mlango wa nyuma. Wamebaki mbele bado, ila sio kwa ule umbali walioambiwa.

Na ukiwa unapanga nyumba, hujanunua? Ushuru wa nyumba unaulipa ndani ya kodi bila kuuona. Minneapolis wamejenga apatimenti nyingi miaka ya karibuni na kodi haijakimbia kama miji mingine. Dallas pia wanajenga sana, apatimenti mpya zinakupa mwezi wa bure ama miwili ya kuingilia, mwaka wa pili ndio unajua bei yenyewe.

Bili za nyumba: Minnesota ni gesi ya kupasha joto kuanzia Oktoba mpaka Aprili, Texas ni AC kuanzia Mei mpaka uombe Mungu. Minnesota kuna kanuni kwamba kati ya Oktoba mosi na Aprili 30 kampuni haziwezi kukukatia moto ukiwa umekubaliana nazo jinsi ya kulipa. Texas wewe mwenyewe unachagua kampuni ya stima, kuna mikataba mizuri na kuna ya kukunyoa, na ile dhoruba ya Februari 2021 iliyoangusha gridi na kuua zaidi ya watu 200 bado watu wanaiongelea, ati ulihama Minnesota ukikimbia baridi ikakupata ndani ya nyumba ya Texas bila hita.

Gari sasa. Hapa Texas inakula pesa bila mtu kuhesabu. Arlington ni mji wa watu karibu 400,000 na hauna mabasi ya kawaida, kuna vigari vya kuita kwa simu tu. Kwa hivyo familia ya watu wazima watatu ni magari matatu, bima tatu, na barabara za kulipia ambazo bili inakuja kwa posta ukiwa umesahau ulipita wapi. Minneapolis mtu mpya anaweza kuanza kwa basi, laini ya C na ya D zinafika Brooklyn Center, na ukiwa na shifti ya mchana unaweza kusukuma miezi ya kwanza hivyo ukiweka akiba. Shifti ya usiku, Januari, digrii 20 chini ya sufuri, ukisimama stendi... hapo utanunua gari tu. Na gari la Minnesota linaliwa na chumvi ya barabarani, uliza mtu yeyote aliyejaribu kuuza Camry yenye kutu.

Siku ukiugua

Kama kuna sehemu moja hizi jamii mbili zinaachana, ni hapa, na ndio maana nitakaa kidogo.

Minnesota ilipanua Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye mapato ya chini, na juu yake iko na MinnesotaCare, bima ya watu wenye mapato ya chini lakini sio ya chini kabisa, unachangia kidogo kila mwezi. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba mtu wa grinkadi ambaye hajamaliza ile miaka mitano ya shirikisho ya kungoja Medicaid amekuwa akiingia MinnesotaCare. Walifungulia hata wasio na karatasi za uhamiaji mwaka 2025, halafu wakawafungia watu wazima mwisho wa mwaka huo huo, wakabakisha watoto. Matokeo yake ni kwamba wasio na bima Minnesota ni kama mtu mmoja kati ya 20.

Texas haikupanua Medicaid. Mtu mzima asiye na mtoto, asiye mjamzito, asiye mlemavu, asiye mzee, hata awe maskini vipi, haingii. Mzazi anaingia tu akiwa na mapato madogo sana, kiasi kwamba ukiwa na kazi yoyote ya maana umeshapita. Watoto wana mpango wao na wengi hupata, hilo tuwape. Lakini kwa jumla Texas ndio inaongoza Marekani nzima kwa wasio na bima, kama mtu mmoja kati ya 6. Unategemea bima ya kazini, ama unajinunulia kwenye soko la bima la serikali, na ile ruzuku ya ziada iliyokuwa imeongezwa tangu 2021 iliisha mwisho wa 2025 kwa hivyo bei imeruka kila jimbo.

Hii inaingiaje kwa mfuko? Inaingia hivi: kazi nyingi za kuanzia za wenzetu ni za kuitwa, ama unafanya kwa wakala tatu, hakuna hata moja inayokupa saa za kutosha za bima. Minnesota huyo mtu ana bima. Texas hana, na akipata apendiksi ni bili ya maelfu kumi na ushee, anailipa miaka, kredi inaharibika, nyumba aliyokuja kununua inasogea mbali. Ukiwa Dallas ama Fort Worth bila bima jua mapema kwamba Parkland na JPS ni hospitali za kaunti na ziko na mipango ya wakaazi wa mapato madogo, jiandikishe ukiwa mzima, usingoje ambulansi.

Upande wa pili lazima niseme: familia ambayo mmoja wao ako na kazi ya hospitali kubwa yenye bima ya familia, hii sehemu yote haiwahusu sana. Bima ni bima. Kwao Texas haina hatari zaidi. Ndio maana nasema swali sio jimbo gani ni zuri, ni wewe umefika ukiwa umebeba nini.

Kupanda ngazi

Njia ya kawaida yetu inajulikana, CNA, halafu LPN (nesi wa ngazi ya kati), halafu RN, huku unalea watoto na kutuma pesa. Minnesota inaipunguza mzigo. Tangu vuli ya 2024 kuna North Star Promise, familia yenye mapato chini ya dola 80,000 ikisoma chuo cha umma cha jimbo, karo iliyobaki baada ya ruzuku nyingine inalipwa na jimbo. Mkaazi wa kweli wa Minnesota, sio wa kuhamia Agosti ukaomba Septemba. Kuna na pesa ya mtoto kwenye ushuru, ya mwaka 2025 ilikuwa mpaka dola 1,750 kwa kila mtoto kwa wenye mapato madogo, ambayo inarudi hata kama huna ushuru wa kudaiwa. Mama wa watoto watatu anayesoma LPN, hiyo pesa ya Machi inalipa madeni ya mwaka mzima.

Shida yake Minnesota ni kulea mtoto mchanga. Deikea huko ni kati ya ghali zaidi nchini, inaweza kupita kodi ya nyumba, na msaada uko lakini foleni iko. Watu wanatatua vile Wakenya hutatua, baba usiku mama mchana, wanapishana mlangoni, ama shosho anakuja na viza ya miezi sita.

Texas vyuo vya jamii ni bei nafuu kwa wakaazi wa wilaya ya chuo, hakuna ubaya, Dallas College na Tarrant County College wamesomesha manesi wetu wengi. Na ukishakuwa RN, Texas inakupa kitu ambacho Minnesota haina: Texas iko ndani ya mkataba wa leseni za manesi, leseni moja inakubalika majimbo 40 na kitu. Minnesota bado haijaingia. Nesi wa Dallas anaweza kuchukua mkataba wa wiki 13 jimbo lingine bila kungoja leseni mpya, akirudi nyumbani kwake ambako mshahara haukatwi ushuru wa jimbo, japo jimbo alilofanyia kazi linaweza kumkata. Kwa anayetaka kuzungukazunguka akivuna, hii peke yake inaweza kuamua.

Malori, Texas iko mbele. Dallas na Fort Worth ni kitovu cha mizigo, reli, ndege na barabara kuu zinakutana pale, na Wakenya wengi wameanza na lori la kampuni wakaishia na lao. Ila tangu 2025 shirikisho limebana Kiingereza cha madereva barabarani na leseni za CDL, zile za magari makubwa, za wasio na ukaazi wa kudumu, hilo liko kila jimbo.

Biashara ya Minnesota yenyewe imekuwa grupu homu, yaani nyumba ambamo walemavu na wagonjwa wanaishi na kutunzwa, na kampuni za kutunza wagonjwa majumbani. Hapo ndipo Wakenya wengi waliotajirika Minnesota walitajirikia, nyumba ya kwanza wagonjwa wanne, baadaye nyumba tano. Lakini tangu kesi ya shirika la Feeding Our Future ya Septemba 2022, watu 47 wakashtakiwa kwa mara ya kwanza kwa ulaghai wa dola milioni 250 za serikali za chakula cha watoto, jimbo limekuwa likikagua kila mpango unaolipwa na serikali na leseni mpya zimekuwa ngumu. Anayekuja leo akiwa na ndoto ya kufungua grupu homu ndani ya mwaka mmoja, namwambia mapema mlango umebanwa. Texas kufungua kampuni ya aina hiyo kunawezekana, ila Medicaid yao inalipa kidogo, kwa hivyo wengi hukimbilia wateja wa kujilipia.

Jamii, na pesa ya nyumbani

Minnesota Wakenya wamekaa pamoja na wamekaa muda. Makanisa, hasa ya Kisabato, vyama vya mazishi, vyama vya akina mama, na hata siasani wameingia: Huldah Hiltsley aliyezaliwa Kenya alichaguliwa bunge la jimbo mwaka 2024 kutoka pande hizo hizo za Brooklyn. Ukifika bila mtu utapata wa kukuonyesha shule ya CNA, wa kukuuzia gari, wa kukupeleka mtihani wa leseni. Hiyo ni mali, hata kama haina namba. Bei yake ni michango. Msiba wiki hii, kusafirisha mwili, harusi, harambee ya karo, kundi la WhatsApp halilali, na jamii ikiwa kubwa na ya karibu hivyo huwezi kujificha. Kuna familia zinatenga pesa ya michango kama vile zinatenga ya stima, na nadhani hao ndio wana akili.

Dallas jamii ni kubwa pia lakini imetawanyika, kanisani ni dakika 40, na watu wanaonana kwa mipango. Mchango upo, presha ni kidogo. Mgeni asiye na ndugu atajihisi mpweke zaidi mwaka wa kwanza, ila anayetaka kufanya mambo yake kimyakimya ajenge nyumbani bila kila mtu kujua, atapumua.

Kutuma pesa ni sawa kokote. Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.9 mwaka 2024 na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Tangu Januari 2026 kuna ushuru wa asilimia 1 kwa pesa unayotuma ukilipa kwa kashi, kwa hivyo tuma kutoka akaunti ya benki ama kadi, hiyo haiguswi.

Kuhusu karatasi, sitazunguka. Minnesota tangu Oktoba 2023 inatoa leseni ya kuendesha bila kuuliza hali yako ya uhamiaji, Texas haitoi. Texas mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuwafanya masherifu wa kaunti zenye jela washirikiane na ICE, maafisa wa uhamiaji wa shirikisho, na Juni mwaka huo ile karo nafuu ya vyuo kwa vijana wasio na karatasi ikafutwa. Lakini usidhani Minnesota ni pango la kujificha, mwishoni mwa 2025 serikali ya shirikisho ilimwaga maafisa wa ICE Minneapolis na watu wakaogopa hata kwenda kazini.

Sasa wewe uko wapi

Kama unaanza chini, CNA ama ghala, grinkadi mpya, huna bima ya kazini na uko na watoto wadogo, Minnesota itakubeba vizuri zaidi miaka mitano ya kwanza. Mshahara wa kuanzia uko juu, bima ipo, shule inalipika. Ukishapata RN unaweza kuhama, wengi wamefanya hivyo, wamesomea baridi wakaenda kuvunia joto.

Kama mko wawili, vyeti viko tayari, mmoja ana bima ya familia, na mnaingiza 150,000 kwenda juu, Texas inawabakishia zaidi hata baada ya ushuru wa nyumba. Msinunue tu ile nyumba ya vyumba sita kwa sababu benki imekubali, maana hapo ushuru wa nyumba na bima vinakula yote mliyookoa.

Nesi mmoja mmoja asiye na familia, anayetaka mikataba ya kusafiri: Texas, kwa sababu ya leseni. Nesi anayetaka kukaa hospitali moja miaka 20 na pensheni na chama cha kumtetea: Minnesota.

Mwenye ugonjwa wa kudumu, sukari, presha, figo, ama mwenye mtoto wa mahitaji maalum, aangalie Minnesota kwanza kabla ya kuangalia ushuru. Foleni za huduma za walemavu Texas ni za miaka mingi.

Dereva wa trela ama mtu wa biashara ya mizigo, Dallas. Mwenye ndoto ya grupu homu, Minnesota bado ndio inajua hiyo kazi ila afanye kwanza kazi ndani ya nyumba ya mtu mwingine aone ukaguzi ulivyo siku hizi.

Mkimbizi kutoka kambini, uwe umepelekwa Fort Worth ama St. Paul, usihame miezi ya kwanza. Msaada wako umefungwa na wakala aliyekupokea hapo, ukiondoka kumfuata binamu jimbo lingine unaweza kuanza foleni upya. Texas serikali ya jimbo ilijitoa kwenye mpango wa wakimbizi 2016 na mashirika ndio yanaendesha, lakini huduma ipo.

Asiye na karatasi, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi, sio mtu wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 300.

Na ambaye bado amekwama katikati, chukua ofa mbili za kazi za ukweli, moja ya kila upande, sio za kuambiwa. Toa ushuru, toa kodi, toa bima ya afya, toa gari, toa deikea, toa michango, uone kinachobaki cha kutuma. Halafu nenda ukae wiki moja kwa mtu, Minnesota iwe Januari na Texas iwe Agosti, ukienda Minnesota Julai utahamia siku hiyo hiyo na Novemba utatulaani sisi tuliokuambia.